Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo Mwanza: nunua mashine inayokubali kukua

Ukiingia kwenye duka la kompyuta pale mjini kati, kuzunguka Makoroboi au kando ya Barabara ya Nyerere, muuzaji atakutangazia mashine kwa maneno mawili: "Hii ni i7, RAM 16." Wanunuzi wengi wanaishia hapo. Wanatoa hela, wanapakia CPU kwenye bodaboda hadi Nyegezi au Igoma, na kwa muda mambo yanakwenda. Siku wakitaka kuongeza kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu) ili gemu zikimbie, wanakuta kadi haiingii kwenye kesi, waya wa kuipa umeme haupo, na pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) haibadilishiki kwa sababu ina umbo la kampuni moja tu. Inabidi wauze mashine nzima kwa hasara na kuanza upya.

RAM unaongeza kwa dakika tano. Diski vivyo hivyo. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, inabadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi na utulivu. Vitu vinavyoamua mashine yako itafika wapi ni vitatu: kesi, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na pawa saplai. Hela yako ianzie kwenye hivyo, hata kama utacheza gemu nyepesi kwa miezi kadhaa ukisubiri kadi.

Hatua ya 1: Gemu zako na skrini yako

Kabla ya kutaja bajeti, andika kwenye karatasi gemu unazocheza kweli, siyo zile unazozitamani. Mtu wa eFootball, Dota 2, Valorant na Counter-Strike 2 anahitaji prosesa nzuri na kadi ya kawaida yenye memori ya 4GB. Mtu wa Red Dead Redemption 2 au Cyberpunk 2077 ajipange kwa kadi ya 8GB kwenda juu, na hapo hesabu inabadilika kabisa. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, bado inachezeka vizuri kwenye kadi ndogo, ndiyo maana wengi huitumia kupima mashine dukani.

Skrini nayo ina neno lake. Monita ya 60Hz inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikitoa 140, nyingi ya hizo za ziada zinapotea bure. Kama utabaki na monita ya 1920 kwa 1080 yenye 60Hz, kadi ya kati inakutosha kwa miaka, na tofauti ya hela iende kwenye pawa saplai.

Halafu igeuze monita uangalie mgongoni. Nyingi za mtumba zina tundu la VGA peke yake, au VGA na DVI, wakati kadi za miaka ya karibuni zinatoa HDMI na DisplayPort. Kuziunganisha inawezekana, ila kwa VGA unahitaji adapta yenye chipu ndani ya kugeuza mawimbi. Kile kipande cha plastiki kisicho na chipu hakitatoa picha kwenye VGA hata ukibadilisha kebo mara ngapi. Adapta hiyo iandike kwenye bajeti mapema.

Hatua ya 2: Mwili wa mashine

Mashine za ofisi zilizotumika, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, ndizo rahisi kupatikana hapa. Ni mashine imara. Lakini jina moja huuzwa katika maumbo matatu, na tofauti ya maumbo hayo ni kubwa kuliko tofauti ya i5 na i7.

Lile dogo la kushikwa kwa mkono mmoja, linalotumia adapta ya nje kama ya laptopu, liache kabisa kama unataka gemu. Ndani hakuna sloti ya kadi ya kawaida. Linafaa kaunta ya duka au darasani.

La pili ni lile jembamba linalolazwa au kusimamishwa, ambalo wauzaji huliita SFF. Hili lina sloti, ila inapokea kadi fupi tu. Bati la nyuma la kadi ya kawaida lina urefu wa kama sentimita 12. La kadi fupi ni kama 8. Kadi fupi zipo: kuna GTX 1650 za namna hiyo, kuna RX 6400, na kuna RTX 3050 ya 6GB iliyotoka mwaka 2024. Zote hizi zinaweza kunywa umeme kutoka kwenye sloti yenyewe, ambayo kikomo chake ni wati 75, kwa hiyo hazihitaji waya wa ziada. Angalia tu toleo, maana baadhi ya GTX 1650 zimewekewa tundu la pini sita. RX 6400 nayo ina kasoro mbili za kuzijua: inapunguza mwendo kwenye mazabodi za zamani kwa sababu inatumia njia nne tu za mawasiliano, na haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu mtandaoni aiache. Ukinunua SFF, jua kwamba kadi fupi ndiyo mwisho wa safari. Kama gemu zako ni zile nyepesi na bajeti imebana, huo unaweza kuwa mwisho unaokubalika.

La tatu ni tawa kamili, pana na refu. Hili ndilo la kutafuta. Linapokea kadi ya urefu wa kawaida, lina nafasi ya diski mbili au zaidi, na hewa inapita. Tatizo lake ni pawa saplai. Tawa nyingi za OptiPlex zinakuja na pawa ya wati 240 au 260, isiyo na waya wa kadi, na mara nyingi plagi yake ya mazabodi siyo ile ya kawaida ya pini 24. HP nao wana plagi zao. Usiamini ukiambiwa "pawa tutabadilisha tu". Omba uonyeshwe pawa nyingine iliyochomekwa kwenye mashine ya aina hiyohiyo ikawaka.

Ukibahatika kukuta zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wachoraji wa ramani, kama HP Z240 ya tawa au Dell Precision 3620, ziangalie vizuri. Z240 ya tawa ina pawa ya wati 400, na Precision 3620 ina matoleo ya wati 365. Udhaifu wake ni prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, na hilo tunaliangalia hatua inayofuata. Muuzaji asiyejua gemu huzipanga pamoja na mashine za ofisi kwa bei ileile.

Njia nyingine ni kesi ya kawaida ya ATX yenye vifaa ulivyochagua mwenyewe kimoja kimoja. Kuanza ni ghali kidogo, lakini kila kitu ndani yake kinabadilishika na kifaa cha kampuni yoyote. Mimi, kwa mtu anayeweza kusubiri, nashauri njia hii bila kusita.

Hatua ya 3: Mazabodi na prosesa

Neno "i7" peke yake halikwambii kitu. Soma namba baada ya kistari. i7-3770 ni kizazi cha 3, ya mwaka 2012; i5-8500 ni cha 8; i3-12100 ni cha 12. Hiyo i3 ya kizazi cha 12 inaipita i7 ya kizazi cha 3 mbali sana kwenye gemu, ingawa zote zina koa nne (viini vya kazi ndani ya prosesa). Wanaolipa zaidi kwa sababu ya stika ya i7 wanalipia stika.

Kizazi cha 8 ndicho mpaka wangu wa chini, kwa sababu moja kubwa. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai Intel ya kizazi cha 8 kuendelea, au Ryzen za mfululizo wa 2000 kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna mbinu za kuisimika kwenye mashine ya zamani kwa nguvu, na mafundi wengi wanazijua. Lakini Valorant ikikuta uko kwenye Windows 11 bila TPM 2.0 na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha mashine), haifunguki. Mashine ya kizazi cha 6 au cha 7 inunue tu kama bei iko chini sana na gemu zako hazina masharti hayo.

Sasa soketi, yaani kitako cha prosesa, ambacho ndicho kinachosema unaweza kupanda hadi wapi. Kwa upande wa Intel, kizazi cha 6 na cha 7 vinatumia soketi inayoitwa LGA1151. Cha 8 na cha 9 vinatumia soketi yenye jina hilohilo na umbo hilohilo, lakini prosesa za upande mmoja haziwaki kwenye mazabodi za upande wa pili. Mtego huu umewameza wengi: mtu ana mashine ya kizazi cha 7, ananunua i7-8700 ya kupandishia, inaingia vizuri kabisa, na mashine haiwaki. Cha 10 na cha 11 ni LGA1200. Cha 12, 13 na 14 ni LGA1700, na hapo mtu anaweza kuanza na i3-12100F leo na kuweka i5 au i7 baadaye kwenye mazabodi ileile. Herufi F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini ni nyeusi.

Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 ndiyo rafiki wa bajeti ndogo. Ilizipokea Ryzen za kwanza za mwaka 2017 na bado ilikuwa inapewa prosesa mpya mwaka 2024, ilipotoka Ryzen 7 5700X3D. Mtu aliyenunua mazabodi ya B450 mwaka 2018 akiwa na prosesa ndogo, anaweza leo kuweka ile kali ya mwisho baada ya kusasisha BIOS (programu ya ndani ya mazabodi). Hakuna mashine ya ofisi ya Intel inayokupa nafasi ya namna hiyo. AM5, iliyokuja mwaka 2022, ina maisha marefu zaidi mbele yake kwa sababu AMD wameahidi kuiendeleza hadi angalau 2027, lakini inakubali RAM za DDR5 tu, na hizo zinakula bajeti. Ndiyo maana kwa bajeti ndogo nabaki na AM4, mazabodi ya B450 au B550, yenye sloti nne za RAM na tundu la M.2 la diski.

Prosesa ya kuanzia? Ryzen 5 5600G. Herufi G inamaanisha ina grafiki ndani. Utacheza Dota, Valorant na gemu za mpira kwa mipangilio ya chini bila kununua kadi, na kadi inakuja siku hela ikikamilika. Kama kadi unayo tayari, chukua 5600 ya kawaida. Ina nguvu zaidi kidogo na inatumia kasi kamili ya sloti ya B550.

Kusasisha BIOS kufanyike umeme ukiwa na UPS (betri ya akiba) nyuma yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa palepale.

Hatua ya 4: Pawa saplai na umeme wa kwetu

Hapa usibane hela. Kesi nyingi mpya za bei rahisi zinauzwa na pawa ndani, imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa. Soma maandishi madogo ya pembeni. Tafuta mstari wa +12V na ampea zake, kisha zidisha. Ikiwa ni ampea 18, basi 18 mara 12 ni 216. Hiyo ndiyo nguvu halisi itakayofika kwenye prosesa na kadi, haijalishi 500 imeandikwa kwa wino gani. Pawa ya kweli ya wati 550 inakaribia kutoa wati zake zote kwenye mstari huo wa 12V. Iwe na alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi), ya shaba inatosha, na iwe na waya wa kadi wenye pini nane. Chukua 550 au 650 hata kama kadi yako ya sasa inanywa kidogo. AMD wanashauri wati 450 kwa RX 6600, na NVIDIA wanashauri 550 kwa RTX 3060, kwa hiyo pawa ya 650 itakubeba kwenye kadi mbili au tatu zijazo.

Mashine zilizotoka Marekani zina hatari yake. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio na harufu, na pawa imekwenda. Iangalie kabla ya chochote. Pawa zilizoandikwa 100–240V hujirekebisha zenyewe, hizo hazina shida.

Zile za Ulaya zinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo. Watu huilazimisha kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu. Umeme unaingia, lakini waya wa ethi haujaunganishwa popote. Ukigusa bati la kesi ukahisi linakuchoma-choma vidoleni, ndiyo sababu. Nunua kebo ya pini tatu za mraba yenye fyuzi, na hakikisha soketi ya ukutani yenyewe ina ethi. Vyumba vingi vya kupanga havina, mwambie fundi umeme apime.

UPS ya 650VA inatosha kwa mashine ya kawaida. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kutunza gemu na kuzima vizuri, siyo kuendelea kucheza. UPS ya mtumba ijaribu dukani kwa kuchomoa plagi ikiwa na mzigo, maana betri ndiyo hufa kwanza. Mtaa wenu ukiwa na umeme unaopanda na kushuka, weka stabilaiza mbele ya UPS.

Radi nayo tuiheshimu. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu za dunia zenye radi nyingi, hasa usiku, na mvua za Machi hadi Mei na za mwisho wa mwaka zinakuja nazo. Ukisikia ngurumo inakaribia, chomoa plagi ukutani na uchomoe kebo ya intaneti pia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Kuhusu LUKU: mashine yenye Ryzen 5 na kadi kama RX 6600, pamoja na monita, inatumia takriban wati 250 ukiwa ndani ya gemu. Saa nne za kucheza ni uniti moja. Kila siku kwa mwezi, uniti 30. Kwa familia iliyo kwenye tarifu ya D1, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 30 za ziada zinaweza kuivusha mpaka huo, na kila uniti inayovuka inalipiwa zaidi ya mara tatu. Ongea na mzazi au mwenye nyumba mapema. Kama mita ni ya kuchangia na wapangaji wengine, kubalianeni kabla mashine haijafika.

Hatua ya 5: Kadi ya grafiki

Kadi ndiyo sehemu yenye udanganyifu mwingi. Kuna kadi za zamani za NVIDIA, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu yake ya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z haidanganyiki kirahisi. Huandika neno FAKE kwenye jina la kadi. Ibebe kwenye flashi uende nayo dukani. Dalili nyingine iko machoni pako: GTX 1050 Ti halisi, kwa utengenezaji wake, haitoi VGA, kwa hiyo ukiona tundu la VGA la bluu kwenye kadi yenye jina hilo, itilie shaka. RX 580 nazo zina ndugu dhaifu anayeitwa 2048SP, mwenye jina karibu sawa na nguvu pungufu. Muulize muuzaji ni ipi, kisha hakikisha mwenyewe kwenye GPU-Z.

Kwa pawa yenye waya wa kadi, kwa 1080p, ningetafuta RX 6600 kabla ya nyingine yoyote: memori ya 8GB, inanywa wati 132 tu, haina joto kubwa. RTX 3060 ya 12GB inafuata, hasa kwa anayefanya pia kazi za video au programu ya kuchora 3D ya Blender. RX 580 ya 8GB ni ya mwenye hela ndogo zaidi, ila inanywa wati 185 na nyingi zimefanya kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana kwa miaka. Kadi ya uchimbaji siyo lazima iwe mbovu. Feni zake ndizo huchoka. Iendeshe kwenye jaribio la mzigo mzito kama FurMark kwa dakika 20, sikiliza feni, tazama joto. Ikivuka nyuzi 90, au vidoadoa vya rangi vikitokea kwenye skrini, irudishe kwenye kaunta.

Hatua ya 6: RAM na diski

Hizi ni rahisi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kila moja ina mkato wake mahali tofauti. Lenga 16GB za DDR4. Kwenye prosesa ya G bila kadi, nunua vipande viwili vya 8GB, kwa sababu grafiki ya ndani inategemea RAM na vipande viwili vinaipa njia mbili. Kwenye mashine yenye kadi, kipande kimoja cha 8GB kwa kuanzia kinavumilika. Bei za RAM zilipanda sana duniani kote mwishoni mwa 2025, kwa hiyo mashine ya mtumba inayokuja na 16GB ina thamani kuliko zamani. Usimruhusu muuzaji aitoe.

Diski iwe SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), 500GB ikiwezekana. Counter-Strike 2 peke yake inataka 85GB. Kuhusu bando, kama rafiki ana gemu hiyo kwenye Steam, nakili folda yake kwa diski ya nje, iweke kwenye Steam yako mahali palepale, na Steam itakagua na kupakua kilichopungua tu. Akaunti inabaki yako, gemu iwe imelipiwa kwako au iwe ya bure.

Hatua ya 7: Dukani, kabla ya kutoa hela

Omba kufungua. "Kaka, naomba tuifungue nione ndani kabla hatujaelewana bei." Muuzaji mwaminifu hatakataa, akikujibu tu "ndani iko safi, bosi wangu" bila kushika bisibisi, shukuru uende duka linalofuata. Ndani angalia sloti ndefu ya kadi, stika ya pawa, idadi ya sloti za RAM, tundu la M.2, na vile vimtungi vidogo kwenye mazabodi: vilivyovimba juu ni dalili ya bodi inayokaribia kufa. Kisha iwashe, ingia BIOS uhakikishe haina nywila ya kampuni ya zamani, ingia Windows, iache ifanye kazi nusu saa. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB.

Dai risiti ya EFD yenye namba za serial (za utambulisho) za mashine na za kadi, na muda wa waranti uandikwe hapohapo kwa kalamu. Hili ni muhimu zaidi kwa anayetoka mbali. Mtu wa Sengerema siku hizi anavuka Daraja la Kigongo–Busisi na kurudi mjini siku hiyohiyo, tofauti na enzi za kusubiri kivuko. Mtu wa Ukerewe bado anategemea majini, kwa hiyo ajaribu mashine dukani mara mbili ya muda wa mwingine.

Ukiagiza Kariakoo kwa basi, mzigo utasafiri zaidi ya kilomita 1,100. Mwambie muuzaji atoe kadi ya grafiki aifunge peke yake, na atoe kipozeo cha prosesa kama ni kizito. Kadi iliyoachwa ndani hupiga-piga sloti kila tuta hadi inapasua mazabodi. Omba video fupi ya mashine ikiwaka, namba za serial zikionekana, kabla haijafungwa.

Hatua ya 8: Nyumbani

Usiiweke sakafuni. Vumbi la kiangazi linaingia kwa feni za chini, na kwa tunaokaa karibu na ziwa, kuanzia Kirumba hadi Luchelele, kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa makundi usiku wakifuata taa. Wanavutwa na feni na kujazana kwenye mapezi ya kipozeo. Kipande cha chandarua kilichobandikwa mbele ya feni ya kuingizia hewa kinawazuia. Kitoe na kukisafisha kila kinapoonekana cheusi. Mara mbili kwa mwaka fungua kesi, ipulize, na ubadilishe pesti ya prosesa (krimu ya kupitisha joto) kama mashine ilikuwa ya mtumba.

Kukuza kufuate gemu zinakokwamia. Fungua kidirisha cha kupima matumizi ukiwa unacheza. Kadi ikiwa kwenye asilimia 98 na prosesa ina nafasi, kadi ndiyo ya kubadilisha. Kadi ikiwa kwenye 60 na gemu inakwama-kwama, tazama prosesa au RAM. Kwa mashine ya AM4 iliyoanza na 5600G, mpangilio wangu ni kadi kwanza, SSD ya pili baadaye, kisha monita ya 144Hz, na prosesa ya X3D, kama ile 5700X3D, mwisho kabisa. Kwa tawa ya ofisi ya kizazi cha 8, ni kadi isiyohitaji waya, RAM hadi 16GB, na i7-8700 ukiipata kwa bei nzuri. Baada ya hapo SSD na monita vihamie kwenye mashine mpya. Kila kifaa unachotoa kiweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli pamoja na risiti yake, kwa sababu kadi yenye risiti na namba ya serial inayolingana huuzika haraka, na hela yake inalipia sehemu ya inayofuata.